Ladha ya Bia Huanza Shambani

Ndugu mkulima wa skimu, wewe unayelima shayiri katika nyanda za juu hudhani kazi yako imekwisha gunia likifika mizanini. Yafaa ujue nafaka yako inakokwenda, maana huko ndiko bei yako inakopangwa.

Bia ya shayiri hutengenezwa kwa kimea. Shayiri hulowekwa siku 2 hivi, huachwa ichipuke siku 4 mpaka 6, kisha hukaushwa kwa hewa ya moto. Kina mama wanaotengeneza kimea cha wimbi wanaijua vizuri kazi hii. Punje ikichipuka hutoa vimeng'enya, navyo hugeuza wanga kuwa sukari. Sukari hiyo ndiyo hamira huigeuza kuwa pombe.

Na ladha? Sehemu kubwa hutoka motoni, kama vile buni mbichi isivyo na harufu ya kahawa mpaka ikaangwe. Kimea kilichokaushwa kwa joto la digrii 80 hivi hubaki cheupe, na bia yake huwa ya rangi ya dhahabu, yenye ladha ya mkate. Kikipita digrii 100 kidogo, ladha huwa nzito, kama ganda la mkate uliookwa. Kingine hutiwa joto kingali na maji, sukari ikaiva ndani ya punje. Hicho huleta utamu wa sukari iliyoungua. Kikikaangwa kupita digrii 200 huwa cheusi, kikaleta uchungu wa kahawa. Mwaka 1817 Mwingereza Daniel Wheeler alisajili mtambo wa kukikaanga hivyo.

Wako wasemao: "Ikiwa kimea huunguzwa hata kikawa cheusi, mbona shayiri yangu yakataliwa kwa kuvunjika au kuota ukungu?" Nasema hoja hiyo si sawa. Katika kimea cheusi moto umekwisha viua vimeng'enya. Hicho ni kama chumvi katika mboga: sehemu 1 katika 10 yatosha kuifanya bia iwe nyeusi. Sehemu kubwa inayobaki ni kimea cheupe, nacho chataka punje iliyo hai. Punje iliyovunjika haichipuki vema. Yenye ukungu huweza kuifanya bia ifoke chupa ikifunguliwa. Iliyotiwa mbolea ya naitrojeni kupita kiasi, au kwa kuchelewa, huwa na protini nyingi na wanga kidogo. Hakuna moto wa kuficha makosa hayo.

Kwa hiyo usichanganye aina mbili za shayiri katika gunia moja, kwani hazichipuki pamoja. Angalia mashine ya kupuria isivunje punje. Kausha mpaka unyevu usizidi asilimia 13. Kisha hesabu punje 100, zifunge katika kitambaa kibichi, uzitazame baada ya siku 3 au 4. Zikichipuka 95 au zaidi, shayiri yako ni nzuri. Ikiwa imetoka shambani juzi tu, huenda bado imelala. Ijaribu tena baada ya wiki chache.

Shayiri isiyofaa kimea huishia kuwa chakula cha mifugo kwa bei ya chini, na jasho lako ni lile lile. Mkulima aliyepima nyumbani aweza kumwomba mnunuzi amwonyeshe kipimo chake, bila woga. Asiyepima hupokea aambiwalo.