Jembe Lisiwe Adhabu

Kila mwaka, mwezi wa Septemba unapokaribia, shauri moja huzisumbua nyumba nyingi za Mabalako, za Mangina na za vijiji vinavyofuata njia ya Mambasa. Mtoto amemaliza darasa la nane; sasa achague masomo gani? Baba ataja ualimu, mama ataja uuguzi, mjomba aliyeko Butembo ataja biashara. Kilimo hakitajwi, au hutajwa mwisho kabisa, kwa ajili ya mtoto aliyeshindwa kwingine. Nasi twaona ajabu, maana nyumba hiyohiyo hula mihogo, mpunga na ndizi za shamba lake, na fedha ya minervali mara nyingi hutoka katika kakao.

Lakini tusiwacheke wazazi hao, kwani dharau hiyo ina historia yake. Amri ya tarehe 20 Februari 1917 ya serikali ya Wabelgiji iliwalazimisha wanakijiji kulima mazao waliyochaguliwa na wakubwa, hata siku 60 kwa mwaka, na aliyekataa aliadhibiwa. Baada ya uhuru wa 1960, katika siku za Mobutu, ikaja salongo, kazi ya pamoja isiyokataliwa. Basi babu aliyeona hayo alimwambia mwanawe: shika kalamu, likimbie jembe. Na sisi twaendelea kulifundisha neno hilo bila kulitamka. Mwanafunzi akichelewa au akipiga kelele darasani, hupewa jembe akalime uwanja wa shule. Mtoto huyo si mjinga. Aelewa kwamba kalamu ni ya waliofaulu, na jembe ni la waliokosa. Je, tumwadhibu kwa jembe miaka minane, kisha mwaka wa tisa tumwombe alipende?

Tazameni, wazazi, hasara tuliyoipata kwa kudhani kwamba kilimo hakihitaji shule. Wazee wa Beni wakumbuka jinsi kahawa ya robusta ilivyoleta fedha. Katika miaka ya 1990 ugonjwa wa mnyauko ulifika kwetu. Majani yaligeuka manjano, yakanyauka, yakapukutika, na mti ukafa wote. Ukikwangua ganda la mti uliougua, waona madoa meusi ya samawati ndani yake. Ni kuvu anayekaa udongoni na kuingia kwa njia ya kidonda, kama kile kinachoachwa na panga wakati wa kupalilia, halafu huziba mishipa ya maji. Mti uliokwisha kuugua hauna dawa. Hung'olewa na kuchomwa moto palepale. Mkulima asiyejua hayo huukata, akaubeba kwa kuni na kuupitisha kati ya miti mizima, naye kwa mikono yake mwenyewe aweza kuutawanya ugonjwa. Ndugu zetu wa Uganda, walioonana na ugonjwa huo tangu 1993, waliwaweka wataalamu wao katika kituo cha Kituza, wakapata aina za robusta zinazoustahimili, ziitwazo KR. Kazi hiyo ilifanywa na watu waliosoma kilimo.

Ndivyo ilivyo pia kwa migomba. Mnyauko wa bakteria ulionekana Uganda mwaka 2001, na katika miaka hiyohiyo ukaonekana Masisi, katika jimbo letu la Kivu ya Kaskazini. Kinga yake haina gharama kubwa: ua dume la mkungu livunjwe kwa kijiti chenye panda, maana wadudu hubeba ugonjwa kutoka ua hadi ua, kisu kipitishwe motoni au kioshwe kwa maji ya javeli kabla ya kugusa mgomba mwingine, shina linaloumwa likatwe mpaka chini. Mambo haya kijana wa miaka 15 aweza kuyajua na kuwafundisha jirani zake. Na kakao je? Mbegu zisizovundikwa vema kwa siku tano au sita, wala kukaushwa sawasawa, hukosa harufu na ladha inayotafutwa na wanunuzi, hata mti ukiwa umezaa sana. Mzazi na aelewe: nguvu za mkono ni zilezile, bali maarifa ndiyo yanayoongeza mali.

Sasa tueleze njia yenyewe. Kwa sheria ya mwaka 2014, elimu ya msingi ya Kongo ni miaka 8. Kisha huja humanite za miaka 4. Katika upande wa ufundi wa kilimo, kijana aweza kufuata kilimo cha jumla, uganga wa mifugo, utengenezaji wa mazao, au lishe, kwa kadiri ya masomo yaliyo katika shule aliyoichagua. Mwisho wake ni Mtihani wa Serikali; na mwanafunzi wa ufundi hupimwa pia kwa kazi ya mikono, si kwa karatasi peke yake. Mwenye diploma aweza kuanza kazi, au kuendelea mbele. Huko Butembo kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989, chenye vitivo vya kilimo na vya uganga wa mifugo. Pia kuna taasisi ya Serikali ya masomo ya kilimo, mifugo na misitu, ambayo watu huiita ISEAVF. Katika utaratibu mpya wa vyuo vikuu vya nchi yetu, ulioenea tangu mwaka wa masomo 2021-2022, shahada ya kwanza ni miaka 3, na ile inayofuata ni miaka 2.

Wahenga walisema: mchagua jembe si mkulima. Hata hivyo mchagua shule ya kilimo hana budi kuchagua kwa macho mawili. Asitazame jina lililoandikwa mlangoni. Amwendee prefe wa shule, amwulize kwa adabu maneno manne. La kwanza, shamba la mafunzo liko wapi, nasi twaweza kuliona? La pili, mwalimu wa kilimo amesomea kilimo, au amepewa somo hilo kwa kuwa hakuna mwingine? La tatu, mazao ya shamba hilo huenda wapi? Maana iko tofauti kati ya mwanafunzi anayejifunza na kibarua asiyelipwa. La nne, wanafunzi hufanya majaribio ya kazi kwa nani, na kwa muda gani? Shule isiyo na shamba wala zizi itamfundisha mtoto kuandika habari za jembe, na huyo atatoka na diploma asijue kupandikiza mche.

Neno moja kwa ajili ya binti zetu. Asubuhi, njiani kwenda shambani, twawaona akina mama na mabinti wakiwa na majembe na vikapu. Lakini ikiwa fedha yatosha mtoto mmoja tu kwenda shule ya kilimo, hupelekwa kaka. Je, yafaa anayelima anyimwe elimu ya kulima? Binti aliyesoma uganga wa mifugo au lishe atalinda kuku na mbuzi wa nyumba na afya ya watoto, mahali popote atakapoolewa.

Twajua jibu ambalo wazazi wengi wanalo moyoni. Tangu Oktoba 2014 watu wa eneo la Beni wameuawa majumbani mwao na mashambani mwao; jamaa wengi wameyaacha mashamba, na wengine huchuma kakao kabla haijaiva kwa hofu ya wezi na ya silaha. Mzazi auliza: nimsomeshe mwanangu kilimo, ilhali siwezi kukanyaga ardhi yangu mwenyewe? Swali hilo ni la haki. Shule haileti amani, wala hatumshauri mtu yeyote ampeleke mtoto mahali pa hatari kwa ajili ya mafunzo. Tena hatusemi kwamba diploma ni mshahara. Lakini shamba laweza kutekwa na mavuno yakaibwa; maarifa huenda na mwenyewe hata akikimbilia mjini. Kutunza miche nyuma ya nyumba, kutibu wanyama, kukausha na kuhifadhi vyakula, kuwaandalia lishe watoto waliodhoofika: kazi hizo hufanyika hata penye ardhi ndogo. Na siku njia za shambani zitakapofunguka, nani atakayeitengeneza upya ardhi iliyolala miaka mingi, kama leo hatumfundishi mtu?

Basi, akina baba, tuna ombi. Mtoto wenu akiingia shule ya kilimo, mpeni kipande chake, hata hatua 10 kwa 10 karibu na nyumba. Mwacheni apande kwa mistari, aandike siku ya kupanda na kilo za mavuno, kisha mlinganishe na kipande chenu. Akishinda, msione haya kumfuata, akishindwa, msimcheke. Elimu bila amali, kama nta bila asali. Baba anayemlipia mwana minervali na kumkataza kujaribu chochote shambani, amenunua taa akaifunika.

Nanyi walimu, mnaoheshimiwa na watoto wetu, tafuteni adhabu nyingine. Mtoto aliyekosa na aandike, na afagie, na abaki darasani baada ya wenzake. Jembe liwekeni mikononi mwa mwanafunzi aliyefanya vema, mkamwonyeshe jinsi mbegu inavyopandwa. Mtoto aliyeheshimishwa hivyo, Septemba ikifika, atakitaja kilimo yeye mwenyewe, na hatakitaja mwisho.