Msimu wa Ndama Usipite Bila Zamu

Katika Visiwa vyetu msimu wa karafuu una heshima yake. Kabla ya pishi la kwanza kupimwa, viongozi huwa wamekwisha kutembelea mashamba, bei imekwisha kutangazwa, vituo vya ununuzi vimefunguliwa na njia za mashamba zimeangaliwa. Hakuna mtumishi wa Serikali anayethubutu kusema kwamba karafuu zimemjia ghafla. Lakini uko msimu mwingine unaopita kila mwaka kimya kimya. Hauna kituo, hauna zamu, wala hakuna kiongozi anayeulizwa ulikwendaje. Nao ni msimu wa kuzaa ng'ombe.

Atatokea wa kutusahihisha na kusema kwamba ng'ombe huzaa mwezi wowote. Ni kweli. Lakini mfugaji wa zizi dogo, mwenye majike wawili au watatu anaowafunga minaznini au kuwakatia majani bandani, anajua vyema kwamba mnyama hufuata malisho. Masika ikishanyesha na majani yakapanda, jike aliyekonda hunenepa, naye hutafuta dume. Mimba ya ng'ombe ni siku 280 na kitu. Jike aliyepandwa mwanzoni mwa Juni hana budi kutarajiwa kuzaa kati ya mwezi wa Machi. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu, na kwa hiyo hakuna anayeweza kujitetea kwamba hakujua.

Tazama basi msimu huo unaangukia wapi. Miezi miwili ya mwisho ya mimba, ambayo ndiyo ndama huongeza sehemu kubwa ya uzito wake tumboni, ni Januari na Februari, wakati wa jua kali la kaskazi, majani yamekauka na visima vya mashamba vimeshuka. Katika miezi hiyo jike anayekamuliwa hupaswa kuachishwa kukamuliwa, ili kiwele kipumzike na mwili ujiwekee akiba. Kisha ndama huzaliwa masika inapobisha hodi: matope, baridi ya usiku, na kupe wanaopanda majanini kwa sababu ya unyevu. Mama amechoka, mtoto ni dhaifu, na adui yupo mlangoni. Hapo ndipo mfugaji anapohitaji msaada kuliko wakati mwingine wowote, na hapo ndipo usafiri wa bwana mifugo unapokuwa mgumu kuliko wakati mwingine wowote.

Yafaa tueleze ni jambo gani lililo hatarini, maana wako wasomaji wa ofisini watakaosema, huyo ni ndama mmoja tu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iligawiwa wananchi eka tatu tatu. Ardhi hiyo leo imerithiwa, imegawanywa na kujengwa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar. Ile ya 2022 ilihesabu 1,889,773. Visiwa havikuongezeka hata shubiri moja. Mwenye zizi dogo hana mahali pa kuweka kundi la ng'ombe thelathini ambamo ndama watatu wakifa wengine watafidia. Ana majike wawili. Ndama mmoja akifa, amepoteza nusu ya uzazi wa mwaka. Na kama aliyekufa ni ndama jike, amepoteza mtamba wa kesho, na maziwa ya miaka kadhaa ijayo. Wakati huohuo maduka yetu yamejaa makopo ya maziwa ya unga na paketi za maziwa kutoka ng'ambo, na hoteli za pwani zinayanunua hayo hayo. Tunapozungumza juu ya kupunguza uagizaji wa maziwa tunaanza hesabu katika kiwanda na katika gari la baridi. Hesabu inaanzia zizini, saa sita za mwanzo baada ya ndama kuanguka.

Saa sita hizo ni muhimu, na inatupasa tuzieleze bila haraka. Mtoto wa binadamu huzaliwa akiwa na sehemu ya kinga aliyopewa na mama yake tumboni. Ndama hana bahati hiyo. Kondo la ng'ombe haliruhusu kinga kupita, kwa hiyo ndama huzaliwa mikono mitupu, hana silaha dhidi ya maradhi hata moja. Silaha zake zote zimewekwa ndani ya dang'a, yale maziwa mazito ya manjano yanayotoka kwanza. Tena matumbo yake yana uwezo wa kuipokea kinga hiyo kwa muda mfupi tu: uwezo huo hupungua saa kwa saa, na siku ya kwanza ikipita, mlango umefungwa. Dang'a analopewa siku ya pili litamshibisha, lakini kwa kumkinga limechelewa. Ndama mwenye uzito wa kilo 25 anahitaji kadiri ya lita mbili na nusu katika siku ya kwanza, na sehemu nzuri ya hizo aipate mapema, kabla ya saa sita kupita. Akiwa hawezi kusimama, asaidiwe. Akiwa hana nguvu ya kunyonya, dang'a likamuliwe apewe kwa chupa safi.

Sasa, nani asiyejua yanayotendeka? Wengine humwaga dang'a kwa kuamini kuwa ni uchafu. Wengine hulichemsha likaganda, likaliwa nyumbani kama kitoweo cha watoto. Wengine, na hawa ndio tunaotaka kuwaambia wazi, huanza kukamua mapema mno kwa sababu mwenye hoteli ya chai amekwisha kuweka oda na fedha iko mkononi. Ndama hufungwa kamba mbali na mama yake na kuachiwa matone yaliyobaki chuchuni. Mwezi wa pili manyoya yake yamesimama, tumbo limekuwa kubwa na miguu myembamba, na mwenyewe hulalamika kwamba mbegu ya siku hizi haina nguvu. Sisi tuliosoma chuoni kabla ya kwenda skuli tulifundishwa na masheikh wetu kwamba mtoto wa mnyama ana haki katika kiwele cha mama yake, na kwamba si halali kumkamua mama mpaka mtoto akadhurika. Wataalamu wa mifugo wamefika katika hukumu ileile kwa njia ya mizani na vipimo. Hapa mfugaji hawezi kuilaumu Serikali. Haki hii iko mikononi mwake.

Vivyo hivyo kitovu. Dawa ya iodini inayopakwa kitovuni mara ndama anapozaliwa ni kitu cha gharama ndogo, na kitovu kibichi kilichoburura topeni ni njia pana ya vijidudu kuingia mwilini hadi kwenye viungo vya miguu. Na kondo la nyuma lisitupwe kwa mbwa wala lisishikwe kwa mikono mitupu, bali lizikwe, kwa kuwa ugonjwa wa kutupa mimba humwambukiza na mtu.

Tukija upande wa utumishi, neno letu la kwanza linahusu mbegu. Uhimilishaji ni jambo jema, nasi tunauunga mkono. Ng'ombe wetu wa kienyeji ni mvumilivu lakini maziwa yake ni machache. Hata hivyo kupanda mbegu ya Friesian katika mtamba mdogo wa kienyeji, ambaye ndiyo kwanza anachukua mimba yake ya mwanzo, ni kumtega. Ndama hukua kuliko njia ya kutokea. Mbegu ya Jersey hutoa ndama mdogo na huzalika kwa urahisi zaidi. Mtaalamu analijua hilo. Lakini mtaalamu akifika zizini na aina moja tu ya mbegu katika mtungi wake, hupanda hiyo aliyonayo, huandika katika daftari kwamba kazi imefanyika, na takwimu za uhimilishaji hupanda. Miezi tisa baadaye mtamba analala chini saa nane za usiku, na daftari hilo halionyeshi kitu.

Ng'ombe anayezaa vizuri hutanguliza miguu miwili ya mbele, na pua ya ndama imelala juu yake. Chupa ikipasuka, zikapita saa mbili bila ya kazi kuendelea, au ukaonekana mguu mmoja, au mkia, hapo panahitajika mtu aliyefundishwa. Kumwita kijana mwenye nguvu avute kwa kamba, kama inavyofanyika mara nyingi, ni kuwaua wawili. Mfugaji wa leo ana simu mkononi. Kinachokosekana ni sauti ya kumjibu. Nambari aliyonayo ni ya ofisi, na ofisi imefungwa saa tisa u nusu. Akimpata bwana mifugo nyumbani kwake, huambiwa pikipiki haina mafuta, au mafuta yatoke kwa mfugaji mwenyewe. Hatumlaumu bwana mifugo huyo peke yake. Yeye ni mmoja kwa shehia kadhaa, na hakuna aliyempangia zamu ya usiku. Ng'ombe naye hakusoma waraka wa saa za kazi.

Lipo na suala la ndigana kali. Ugonjwa huu huletwa na yule kupe wa rangi ya kahawia anayependa kukaa sikioni, naye huzidi mvua zinaponyesha, wakati ndama wetu wa Machi ndiyo kwanza ana wiki chache. Mitoki huvimba chini ya sikio na mbele ya bega, homa hupanda, kisha pumzi hushindikana na mapovu kutoka puani. Dawa yake ipo, nayo huponya ikiwahi; mapovu yakishatoka, mara nyingi mfugaji hununua matumaini tu. Chanjo yake pia ipo, lakini huhifadhiwa katika mitungi ya baridi kali na hutolewa na aliyefundishwa, kwa hiyo haiwezi kununuliwa na mtu mmoja mmoja dukani kama panadoli. Ni kazi ya kukusanya ndama wa shehia nzima siku moja mahali pamoja, na kukusanya watu ndiyo kazi tunayojisifu kuiweza sisi makada.

Wala tusiambiwe kwamba mambo haya ni makubwa kuliko uwezo wetu. Wananchi wa Unguja wanakumbuka mbung'o. Walikisumbua kisiwa kwa miaka mingi, wakidhoofisha ng'ombe na kutoa mimba. Katika miaka ya 1990, kwa ushirikiano wa Serikali na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, madume ya mbung'o yaliyohasiwa kwa mionzi yalilelewa Tanga, yakaletwa kwa ndege na kumwagwa juu ya misitu yetu kwa mamilioni. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kilitangazwa kuwa huru. Wageni wa nchi nyingi walikuja kujifunza. Kazi ile ilifaulu kwa sababu ilikuwa na ratiba: ndege ilijulikana inaruka siku gani, na mitego ilijulikana inaangaliwa na nani. Nchi iliyoweza kupeleka ndege kila wiki kwa ajili ya nzi inashindwaje kupeleka pikipiki usiku kwa ajili ya ndama?

Tunataka basi yafanyike yale yanayowezekana. Kila sheha ana orodha ya nyumba zake. Aongeze humo majike wenye mimba na mwezi wa kutarajiwa kuzaa, kazi ambayo kijana mmoja wa shehia anaweza kuimaliza kwa siku chache. Wilaya ikizipata orodha hizo itajua Machi inataka watu wangapi na mafuta kiasi gani, na wapi. Ipangwe zamu ya usiku kati ya Februari na Mei, na anayeshika zamu alipwe haki yake, maana zamu isiyolipwa ni ya karatasini. Majina na nambari za simu zibandikwe katika ofisi ya sheha na dukani, mahali watu wanapopita. Chupa ya iodini iwepo kwa sheha. Na wale waliopewa mtamba kwa mkopo, kwa sharti la kumlipa jirani ndama jike wa kwanza, waangaliwe kuliko wote, kwa sababu ndama wao akifa hakufa wa mtu mmoja: yupo jirani aliyekwisha kujenga banda na kupanda majani ya tembo, anangoja.

Viongozi wa mikoa nao, watakapokaa kupokea taarifa za robo mwaka, waache kuuliza ni ng'ombe wangapi waliopandishwa. Waulize ni ndama wangapi waliozaliwa, na kati yao ni wangapi walio hai baada ya miezi mitatu. Taarifa ya kwanza ya namna hiyo huenda ikatia aibu, lakini isomwe hivyo hivyo.

Mitamba na majike waliopandwa baada ya masika iliyopita wako mazizini sasa, na siku zao zinahesabika. Orodha za shehia ziwe zimefika wilayani kabla ya Januari kumalizika.