Maoni: Kabla ya kuuliza bei ya jezi ya Masopust, uliza alifanya nini

Wapenzi wa kabumbu wanamjua Pavel Nedvěd, aliyepata Ballon d'Or mwaka 2003. Wanamjua pia Petr Čech, kipa wa Chelsea aliyekuwa akivaa kofia ya kukinga kichwa. Wote wawili ni watoto wa Jamhuri ya Cheki. Lakini kabla yao alikuwako Josef Masopust, na vijana wengi wanaobishana juu ya mpira hadi usiku hawajawahi kusikia jina hilo. Wanaolitaja mara nyingi siku hizi ni wale wanaokusanya vitu vya kumbukumbu: jezi za zamani, picha zenye saini, tiketi na vijitabu vya mechi.

Kuna wanaosema watu hao wanapoteza pesa kwa vitambaa vilivyochakaa. Mimi sikubaliani nao. Kukusanya vitu vya kale ni kazi yenye faida, ila kwa sharti moja: hadithi itangulie, bei ifuate. Maisha ya Masopust yanaonyesha kwa nini.

Alizaliwa mwaka 1931, nchi yake ikiitwa Chekoslovakia. Alicheza kiungo katika Dukla Praha, timu ya jeshi, akashinda nayo ubingwa wa nchi mara 8. Timu ya taifa aliichezea mechi 63. Mwaka 1962 alikwenda nayo Chile kwenye Kombe la Dunia, na tarehe 17 mwezi wa 6 wakaingia fainali na Brazil mjini Santiago. Dakika ya 15 Masopust akafunga bao la kwanza. Brazil walisawazisha dakika mbili baadaye, kisha wakashinda 3-1. Hata hivyo, mwisho wa mwaka huo Ballon d'Or ilikwenda kwa Masopust, mbele ya Eusébio wa Ureno. Alikuwa mchezaji wa kwanza kutoka nchi za kikomunisti za Ulaya kuipata.

Sasa tazama kilichobaki. Chekoslovakia haipo tena. Tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 1993 iligawanyika kuwa Cheki na Slovakia. Dukla ile ya zamani nayo iliyumba miaka ya 1990 hadi ikaunganishwa na timu ya Příbram, na Dukla inayocheza leo ilijengwa upya baadaye. Nchi imeondoka, timu imeyumba, na mzee mwenyewe alifariki mwaka 2015 akiwa na miaka 84. Kijitabu cha mechi ya mwaka 1962 kimebaki. Picha yenye saini yake imebaki. Ndiyo maana naelewa mtu anayetoa pesa kununua karatasi iliyogeuka rangi. Ananunua shahidi wa nchi ambayo haimo tena kwenye ramani.

Lakini jambo kubwa kuliko yote katika maisha ya Masopust haliwezi kuwekwa kwenye kabati la vioo. Katika Kombe lile lile la Dunia, kabla ya fainali, Chekoslovakia na Brazil walikutana kwenye kundi na kutoka 0-0. Pelé aliumia katika mechi hiyo. Wakati ule sheria haikuruhusu kubadilisha mchezaji, kwa hiyo alibaki uwanjani akichechemea. Kila mpira ulipomfikia, Masopust alisimama kando akamwacha autoe bila kumgonga. Ilikuwa Kombe la Dunia, na nafasi ya kumnyang'anya mpira ilikuwa mbele yake. Pelé hakusahau, aliisimulia heshima ile kwa miaka mingi. Mnada gani utauza jambo hilo?

Kuna kisa kingine ambacho Masopust mwenyewe alikuwa akikisimulia. Ballon d'Or yake alikabidhiwa Praha mwaka 1963, kabla ya mechi ya Dukla na Benfica. Hapakuwa na sherehe kubwa. Eusébio alimpa mkono, mechi ikachezwa, kisha Masopust akatia tuzo ndani ya mfuko wake wa michezo akarudi nyumbani kwa tramu, kama mfanyakazi yeyote anayetoka kazini.

Linganisha na leo. Mwaka 2022 jezi aliyovaa Maradona alipoifunga Uingereza mwaka 1986 iliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 7. Pesa ikifika kiasi hicho, wadanganyifu nao hawakosi kufika. Saini zinaigwa, jezi mpya zinafanywa zionekane kuukuu. Kwa hiyo mkusanyaji makini hanunui kitu peke yake. Anauliza kilitoka kwa nani, kilipitia mikono gani, na kama kuna picha ya mechi inayoonyesha kitu hicho hicho. Kitu kisicho na hadithi iliyothibitishwa hakina thamani, hata kama kinang'aa.

Kazi ya redio imenifundisha jambo hilo hilo: kaseti isiyoandikwa jina wala tarehe ni sauti isiyo na mwenyewe. Nani alisema? Wapi? Mwaka gani? Ukikosa majibu, umebaki na kelele tu.

Hapa ndipo linapotugusa sisi Wakongo. Timu yetu ilishinda Kombe la Afrika mwaka 1968 na 1974, na Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika mashindano ya 1974. Huenda kuna familia zenye picha au tiketi za miaka ile chini ya kitanda, zikiliwa na mchwa. Usingoje mnunuzi kutoka Ulaya akuambie zina thamani. Chukua kalamu leo, muulize mzee wako, andika nyuma ya picha: ni nani, ni wapi, ni mwaka gani. Mzee akiondoka kabla hujauliza, picha itabaki na sura zisizo na majina.

Kwa wanaokusanya vitu vya Masopust, ombi langu ni moja. Wasivifungie ndani ya sanduku la chuma wakingoja bei ipande. Wavionyeshe kwa watoto, na wakiwaonyesha bao la Santiago, wawasimulie pia namna alivyosimama kando kumpisha Pelé aliyeumia. Mtoto akiondoka na hilo, jezi itakuwa imefanya kazi yake.