Kitufe cha kulipia ni ahadi kwa mteja

Siku hizi ni nadra kumpata mfanyabiashara mdogo ambaye hajashauriwa afungue duka mtandaoni. Vijana waliosomea kompyuta hupita duka hadi duka wakiwaahidi wenye tovuti kwamba, kwa ada nafuu, wataziongezea kikapu cha ununuzi na kitufe cha kulipia, na kwamba baada ya hapo wateja watamiminika kutoka Mandera hadi Mombasa. Ushauri huo una ukweli ndani yake, nami siupingi. Ninachopinga ni namna unavyotolewa, kana kwamba kazi yote huisha mara tu kitufe kile kinapowekwa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo kazi yenyewe huanza.

Katika suala la malipo, taifa letu lina kila sababu ya kujivunia. M-Pesa ilipozinduliwa mwezi Machi mwaka wa 2007, ilikuwa njia ya jamaa kutumiana pesa. Mwaka wa 2009 nyaya za intaneti zipitazo chini ya bahari zilitia nanga Mombasa. Mwaka wa 2013 huduma ya Lipa na M-Pesa iliwafikia wenye maduka, na mwaka wa 2017 kampuni ya Safaricom ikafungua Daraja, mfumo unaowawezesha waunda programu kuziunganisha tovuti na M-Pesa moja kwa moja. Asiyetaka kujiunganisha mwenyewe anaweza kupitia kampuni za kati kama vile Pesapal, ambazo humpokelea malipo ya simu na ya kadi za benki na kumkata ada kwa huduma hiyo. Mwuza vyondo wa Machakos, ambaye hapo awali tovuti yake ilikuwa bango la picha tu, sasa anaweza kuuza usiku wa manane akiwa amelala.

Hebu tutazame jinsi mambo yanavyokwenda. Mnunuzi huchagua kiondo akipendacho na kuandika nambari yake ya simu. Mara ujumbe hujitokeza kwenye simu hiyo ukimtaka aweke nambari yake ya siri. Akishaiweka, pesa hutoka, na mtambo wa malipo huipelekea tovuti taarifa kwamba shughuli imekamilika. Yote hayo huchukua muda mfupi kuliko wa kumaliza kikombe cha chai.

Hata hivyo, taarifa ile ya mwisho yaweza kukosa kufika. Huenda tovuti ilikuwa imezimika kwa muda, au fundi aliyeiunda hakuiandalia taarifa hiyo mahali pa kupokelewa. Mteja amekwisha kulipa, lakini tovuti inasema hajalipa. Anaweza kulipa mara ya pili kwa wasiwasi, au akaondoka akiamini kuwa ametapeliwa. Mwenye duka, ambaye hajui lolote, huamka asubuhi akakuta jina lake limekwisha kupakwa matope katika mitandao ya kijamii. Kumbe hakuna aliyeiba. Kilichokosekana ni utaratibu.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo haijachakaa hata kidogo. Tovuti iliyoundwa vyema haingoji taarifa tu, bali huuliza tena mtambo wa malipo inapoona kimya kimezidi. Pia haiamini kila ujumbe unaodai kuwa malipo yamefanyika, maana matapeli wanajua kughushi. Naye mwenye duka yampasa kila jioni alinganishe orodha ya oda na taarifa ya akaunti yake ya malipo, mstari kwa mstari. Asikubali kutoa bidhaa kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja, kwani jumbe bandia zimewaliza wauzaji wengi. Kuhusu kadi za benki, asithubutu kuhifadhi nambari zake katika tovuti yake. Kazi hiyo awaachie wenye mitambo iliyoidhinishwa kwa shughuli hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi hulipitia juu juu. Duka lenye mauzo ya mtandaoni lina rafu moja lakini milango miwili. Kiondo cha mwisho kikinunuliwa dukani saa nne asubuhi, na tovuti isiambiwe, mtu wa Eldoret atakilipia saa tano. Muuzaji atakuwa amepokea pesa za kitu asichokuwa nacho. Ndiyo maana nawashauri wanaoanza waweke bidhaa chache mtandaoni, zile ambazo wana uhakika nazo, badala ya kujaza tovuti picha za vitu ambavyo hawana hakika kama vingalipo.

Kisha kuna safari ya bidhaa yenyewe. Nyumba nyingi nchini hazina anwani ya mtaa na nambari ya mlango. Sanduku la posta si makazi, na mwendesha bodaboda huelekezwa kwa kutajiwa kanisa, shule au kituo cha mafuta. Gharama ya kumfikia mteja imewashinda hata wenye mitaji mikubwa. Jumia ilifunga huduma yake ya kupeleka vyakula mwishoni mwa mwaka wa 2023, na Copia, kampuni iliyojitolea kuwafikishia bidhaa watu wa mashambani, iliwekwa chini ya wasimamizi mwezi Mei mwaka wa 2024. Ikiwa miamba hiyo iliyumba, mfanyabiashara mdogo hana budi kupiga hesabu ya usafiri kabla ya kupokea hata shilingi moja, na kumwonyesha mteja gharama hiyo kabla hajalipa.

Wapo watakaoniuliza mbona tujisumbue hivyo. Watasema kwamba wauzaji wengi hutundika picha katika mitandao ya kijamii, wakaandika nambari ya simu, na mteja akalipa bidhaa inapomfikia mkononi. Hoja hiyo ina uzito, na kwa anayeanza biashara njia hiyo yatosha. Lakini gharama yake haionekani upesi. Ukurasa ule ni nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba aweza kuufunga bila kutoa notisi. Tena, malipo ya mkononi humwachia muuzaji hatari yote. Mteja akibadili nia au akizima simu, muuzaji hubaki na mzigo wake pamoja na deni la bodaboda. Kwa mwenye mtaji wa shilingi elfu chache, safari tatu za namna hiyo zinaweza kuifuta faida ya juma zima.

Basi ni kwa nini wateja wengi hawataki kulipa mapema? Sidhani ni ushamba wala kutojua teknolojia, kwa kuwa hao hao hulipia stima na karo kwa simu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wengi walilipia viatu wakaletewa visivyofanana na picha, au hawakuletewa chochote, na simu ya muuzaji ikawa haipatikani tena. Pesa zilitoka kwa sekunde chache, lakini kuzirudisha kulihitaji hisani ya yule yule aliyezichukua. Tapeli mmoja humharibia soko muuzaji mwaminifu ambaye hawajapata hata kuonana.

Sheria haiko kimya. Katiba ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, habari anazozihitaji, na fidia anapopata hasara. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka wa 2012 inataja waziwazi mapatano yafungwayo kupitia intaneti, na inamtaka muuzaji ampe mnunuzi habari muhimu pamoja na nafasi ya kukubali, kukataa au kusahihisha makosa kabla ya mapatano kufungwa. Mahakama za Madai Madogo, zilizoanzishwa chini ya sheria ya mwaka wa 2016, husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na zinatakiwa kuyaamua katika muda wa siku 60. Nayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inamfunga muuzaji asizitumie ovyo nambari za simu na anwani alizokabidhiwa na wateja.

Lakini ni wangapi watakaopanda matatu hadi mahakamani kwa sababu ya viatu vya shilingi elfu mbili? Haki ambayo kuidai ni ghali kuliko hasara yenyewe hubaki kuwa maandishi tu. Serikali yapaswa kuwafikishia wananchi haki hizo kwa njia nyepesi, wapeleke malalamiko kwa simu ile ile waliyolipia. Kampuni za malipo nazo, ambazo hukata ada katika biashara hizi, haziwezi kunawa mikono pale nambari moja ya malipo inapolalamikiwa na wateja kumi.

Mfanyabiashara naye asingoje serikali. Kabla ya kuweka kitufe cha kulipia, na aandike katika tovuti yake, kwa Kiswahili kinachoeleweka, bidhaa itafika baada ya siku ngapi, nani atalipia usafiri, na pesa zitarudishwa vipi mambo yakienda kombo. Aweke jina lake, mahali lilipo duka lake na simu inayopokewa. Ajaribu kununua kutoka kwa duka lake mwenyewe, kwa pesa zake mwenyewe, kisha ajaribu kujirudishia pesa hizo. Fundi asiyeweza kumwonyesha jinsi ya kurudisha pesa hajamaliza kazi, na asilipwe salio lake.

Ahadi ni deni. Mteja anapoiweka nambari yake ya siri, amemkopesha imani mtu asiyemjua. Deni hilo hulipwa kwa bidhaa kufika, na wala si kwa uzuri wa tovuti.