Kiti Si Dawa ya Kifua

Jamii ya Abagusii ina kila sababu ya kujivunia pumzi zake. Naftali Temu, aliyeiletea Kenya nishani ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki mjini Mexico City mwaka 1968, alikuwa mwana wa jamii hii. Yobes Ondieki, binadamu wa kwanza kukimbia mita 10,000 kwa muda usiotimia dakika 27, mjini Oslo mwaka 1993, alizaliwa Kisii. Ni ajabu basi kwamba katika vilima hivyo hivyo, mtu akishaambiwa kuwa mapafu yake yana maradhi sugu, jambo la kwanza analopewa na jamaa zake ni kiti.

"Keti, mama, sisi tutachota maji." Maneno hayo hutoka katika heshima na mapenzi, hakuna awezaye kuyalaumu. Lakini mapenzi yasiyo na maarifa huweza kudhuru. Tena aghalabu kiti chenyewe huwekwa jikoni, kando ya mafiga, palepale penye moshi wa kuni ambao huenda ndio uliomwanzia mgonjwa madhila yake.

Tusidhani kwamba maradhi haya ni ya wavuta sigara peke yao. Wamo akina mama waliopikia kuni tangu utotoni, waliopona kifua kikuu wakaachiwa makovu mapafuni, na wenye pumu isiyotibiwa ipasavyo. Hata wachongaji wa mawe ya sabuni kule Tabaka, ambao kazi zao huipamba dunia, huvuta vumbi hatari wasipojikinga. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa pekee uliua watu wapatao milioni 3.5 mwaka 2021.

Kwa nini kuketi kudhuru? Mgonjwa akitembea hukosa pumzi, akikosa pumzi huogopa, akiogopa huketi. Msuli usiotumika hudhoofika, na msuli dhaifu huchoka upesi na kudai hewa nyingi kwa kazi ndogo. Kesho yake, hatua 20 humchosha kama jana zilivyomchosha 100. Hivyo mapafu yaliyoharibika hupata mshirika wa pili katika uharibifu: miguu iliyolegea. Mazoezi hayaponyi makovu ya mapafu, na tusimdanganye mgonjwa kwamba yataponya. Ila huirudishia miguu nguvu, na pumzi ile ndogo iliyobaki ikatosha kwa kazi kubwa zaidi.

Wala hili si jambo la Wazungu tu. Kampala, katika Hospitali ya Mulago, wataalamu waliwapa mazoezi ya wiki 6 watu waliosalia na mapafu mabovu baada ya kifua kikuu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba walitembea mwendo mrefu zaidi na hali zao za maisha zikawa nafuu.

Msomaji atauliza: Mgonjwa atatembea wapi, ilhali Kisii na Nyamira ni mlima na bonde? Swali ni la haki. Kumwambia mwenye kifua apande mteremko kutoka mtoni ni kumwonea. Aanze kwa kuinuka kitini na kuketi tena mara chache, kisha atembee mahali tambarare, kwa dakika anazozimudu, akiongeza kidogo kila wiki. Kuhema kidogo si hatari. Kipimo ni kwamba aweze kusema sentensi fupi. Pumzi ikimpungukia, asimame, ainame kidogo, atoe hewa polepole kwa midomo iliyobanwa kama apulizaye chai ya moto. Akihisi maumivu ya kifua au kizunguzungu, aache mara moja na kutafuta tabibu. Dawa zake asiziache, na kabla ya kuanza apate ushauri wa daktari.

Hapa ndipo walimu na wanafunzi wanapoingia. Katika nchi hii ya miinuko, uwanja wa shule mara nyingi ndio mahali tambarare palipo karibu na nyumbani. Jioni masomo yamalizikapo, kwa nini usifunguliwe kwa wazee wa kijiji? Mwanafunzi anayemchotea nyanyake maji anafanya vyema. Anayemshika mkono wakazunguka uwanja anafanya vyema zaidi. Nao wahudumu wa afya ya jamii, ambao Serikali iliwazindua rasmi wapatao 100,000 mwezi wa Septemba 2023, wafunzwe kuwaongoza wagonjwa hawa, huku hospitali za rufaa za kaunti hizi mbili zikitenga siku ya mazoezi kila wiki. Viti, nafasi ya kutembea na mtaalamu wa tiba ya viungo vyatosha kuanzia.

Haba na haba hujaza kibaba. Tumheshimu mgonjwa, naam. Lakini heshima iliyo bora ni kumsaidia ainuke.