Karatasi ya Trafiki: Yanayosemwa Steji za Nakuru na Yaliyo Katika Sheria

Katika steji za matatu za Nakuru, sheria ya trafiki hufundishwa bila ada. Makanga ana yake, dereva wa lori aliyelala kwenye kituo cha malori cha Salgaa ana yake, na jamaa aliyewahi kufikishwa kortini siku moja hujiona wakili. Mengi wanayosema yana chembe ya ukweli, na ni chembe hiyo inayoyafanya yaaminike. Lakini karatasi unayopewa na askari wa trafiki ni tuhuma. Haiwi deni mpaka ukubali kosa mwenyewe, au hakimu asikilize pande zote mbili na kuamua kwamba ulilitenda. Yafuatayo ni madai yanayorudiwa kila siku kati ya Naivasha na Mau Summit, na majibu yake.

Dai la kwanza: “Kutoa kitu kidogo ni nafuu kuliko faini.”

Tuwe wakweli: kuna siku ambapo ni nafuu. Dereva wa matatu ana hesabu ya kumpelekea mwenye gari jioni, na akishinda kortini asubuhi nzima, hesabu hiyo haitimii. Lakini wengi wanaotoa hongo hawajawahi kuitazama orodha ya faini. Kanuni za makosa madogo ya trafiki zilizotolewa mwaka 2016 zimeweka viwango wazi. Kutofunga mkanda ni shilingi 500. Kukosa kubeba leseni ni 1,000. Kutumia simu ukiendesha ni 2,000. Kupuuza alama za barabarani ni 3,000. Mhudumu wa bodaboda anayebeba zaidi ya abiria mmoja hutozwa 1,000. Kwa mwendo, ukizidisha kilomita 1 hadi 5 kwa saa unapewa onyo tu. 6 hadi 10 ni shilingi 500. 11 hadi 15 ni 3,000. Na 16 hadi 20 ni 10,000. Asiyejua viwango hivi hutoa elfu mbili ili aepuke faini ya mia tano, kisha akaondoka akijisifu kwamba ameokoa pesa.

Isitoshe, Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 humshika mtoaji sawa na mpokeaji. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 10, faini ya shilingi milioni 5, au vyote viwili. Hakuna kosa katika orodha ile ya madogo linalokaribia hapo. Na pesa uliyoitia mkononi mwa mtu haina risiti, kwa hiyo haikukingi na kizuizi kinachofuata.

Dai la pili: “Ukikataa kutoa, utalala ndani.”

Hofu hii ndiyo inayofungua pochi nyingi. Jibu lake liko katika Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010. Aliyekamatwa ana haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya haki, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumzuia. Lazima afikishwe kortini ndani ya saa 24. Na kifungu hicho hicho kinasema kwamba mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi sita.

Chembe ya ukweli hapa ni siku za mapumziko. Saa 24 zikiisha wakati korti imefungwa, Katiba inasogeza muda hadi siku ya korti inayofuata. Kwa hiyo aliyekamatwa Ijumaa jioni, na asiombe dhamana kituoni, anaweza kujikuta ndani hadi Jumatatu. Dawa yake ni kuomba dhamana ya polisi palepale kituoni, kwa heshima na bila kupandisha sauti, na kuuliza jina la kosa pamoja na nambari ya tukio katika kitabu cha matukio cha kituo (OB).

Dai la tatu: “Nimelipa dhamana kituoni, kesi imekwisha.”

Kati ya madai yote, hili ndilo linalowagharimu watu zaidi. Dereva anaambiwa aache, tuseme, shilingi 5,000 kama dhamana na afike kortini tarehe fulani. Anatoa pesa, anakunja karatasi, anaenda zake, na tarehe ikifika hakumbuki kwenda. Kwa mawazo yake ameshalipa faini.

Hajalipa faini. Dhamana ni ahadi ya kurudi. Ukifika kortini, pesa hiyo bado ni yako: inaweza kurudishwa, au ukitozwa faini, unaweza kuomba ikatwe humo na urejeshewe salio. Usipofika, mambo mawili hutokea. Korti inaweza kuitwaa dhamana iwe mali ya serikali, na hakimu anaweza kutoa hati ya kukukamata huku kesi ya mwanzo ikiwa haijasikizwa hata neno moja. Utakuwa umepoteza pesa na bado unatafutwa.

Ndiyo maana dhamana bila risiti rasmi si dhamana. Kabla ya kuondoka kituoni, hakikisha una risiti yenye jina lako na kiasi ulichotoa, nambari ya OB, tarehe ya kufika na jina la korti. Hilo la mwisho wengi hulipuuza. Aliyesimamishwa upande wa Naivasha huenda akaitwa korti ya Naivasha, wa upande wa Molo akaitwa Molo, naye aliyekamatwa jijini akaitwa Nakuru. Ukienda korti isiyo yako, utahesabiwa kuwa hukufika.

Na ukipoteza karatasi? Rudi kituoni na nambari ya OB, au nenda masjala ya korti na jina lako, nambari ya gari na tarehe ya kukamatwa. Idara ya Mahakama pia hutoa orodha za kesi za kila siku, ambamo unaweza kulitafuta jina lako. Kuuliza mapema kuna faida kuliko kungoja upatikane na hati ya kukamatwa barabarani.

Dai la nne: “Kubali tu, ukikana utamkasirisha hakimu.”

Kukubali kosa mapema kunaweza kukupunguzia adhabu. Hapo wasemaji wa steji wana hoja. Kwa aliyetenda kosa kweli, ni njia ya haki na ya haraka. Lakini kukubali kosa ambalo hukulitenda ili uwahi zamu ya mchana ni jambo jingine kabisa.

Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu ambao mahakimu wa Kenya wanaufuata hadi leo. Mashtaka husomwa na kuelezwa kwa lugha anayoifahamu mshtakiwa. Jibu lake huandikwa, kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana. Kisha kiongozi wa mashtaka hueleza jinsi mambo yalivyotokea, na mshtakiwa huulizwa kama anayakubali maelezo hayo au ana la kuongeza. Akiyapinga, hakimu hubadilisha kumbukumbu iwe amekana, na kesi husikizwa. Kwa hiyo ukisema “ni kweli” mashtaka yaliposomwa, kisha ukasikia maelezo yasiyo ya kweli, bado una nafasi ya kusema. Katiba nayo inakupa mkalimani bila malipo ikiwa lugha ya korti inakupiga chenga.

Uzito wa kukubali kosa unaonekana baadaye. Sheria ya utaratibu wa kesi za jinai, katika kifungu cha 348, inamzuia aliyekubali kosa kukata rufaa, isipokuwa juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu. Aliyekana na akashindwa anaweza kwenda Mahakama Kuu kupinga hata hukumu yenyewe, na muda wa kufanya hivyo ni siku 14.

Dai la tano: “Hakuna picha ya kamera, hakuna kesi.”

Dai hili linampendelea dereva, na bado si sahihi. Sheria ya Trafiki, katika kifungu cha 43, inasema mtu asitiwe hatiani kwa kwenda kasi kwa maoni ya shahidi mmoja peke yake. Askari akisema tu kwamba “nilimwona akikimbia”, hilo halitoshi. Lakini kipimo cha kifaa cha mwendo kinaweza kuongeza nguvu ushahidi wake, na shahidi wa pili pia. Na makosa mengine, kama kutofunga mkanda au kubeba abiria kupita kiasi, hayahitaji kifaa chochote.

Haki yako ni kuuliza. Kifungu cha 50 cha Katiba kinakupa haki ya kujulishwa mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka utautumia. Uliza kifaa kilisoma kasi gani, nani alikishika, na alikuwa amesimama wapi. Maswali haya yaulizwe kortini, mbele ya hakimu. Kuyapigia kelele pale barabarani hakumsaidii mtu.

Dai la sita: “Ujumbe wa simu umesema nina faini, basi nilipe upesi.”

Usilipe kwa haraka. Faini halisi ina kosa lenye jina, tarehe, mahali na mamlaka inayokudai, na hulipwa kwenye akaunti ya serikali inayotoa risiti. Haiendi kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, wala kwa “karani” unayekutana naye nje ya lango la korti. Ukipata ujumbe usioufahamu, usibonyeze kiungo kilichomo. Uliza masjala ya korti au kituo cha polisi kwanza.

Dai la saba: “Klampu ya kaunti na kesi ya trafiki ni kitu kimoja.”

Kuegesha Kenyatta Avenue bila kulipa ni jambo la kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti maegesho, na ada zake hutokana na sheria ya fedha ya Kaunti ya Nakuru. Askari wa kaunti akilifunga gurudumu, unashughulika na ofisi za kaunti na unadai risiti ya kaunti. Kulipa huko hakufuti kesi iliyo kortini, na faini ya korti haiondoi klampu.

Dai la nane: “Sheria ya mwendo ni mtego wa kukusanya pesa.”

Wanaosema hivi wana malalamiko ya haki kuhusu vizuizi visivyo na kibao wala sababu. Lakini barabara yetu ina kumbukumbu zake. Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa na watu 36 wakafa. Tarehe 30 Juni 2023, lori lilikosa mwelekeo kwenye makutano ya Londiani, likawaparamia wachuuzi na magari, na zaidi ya watu 50 wakapoteza maisha. Kilomita 50 kwa saa mjini na sokoni, na 80 kwa magari ya abiria na malori, ni vipimo vilivyowekwa kwa ajili ya sehemu kama hizo. Anayeitumia sheria hiyo kujitajirisha ashtakiwe, na sheria yenyewe ifuatwe.

Basi, ukisimamishwa, jambo la kwanza ni kuuliza kosa lako linaitwaje. Chukua risiti ya kila shilingi unayotoa, andika nambari ya OB, na ufike korti iliyotajwa katika tarehe iliyotajwa. Kama umekosea, kubali na ulipe panapostahili. Kama hujakosea, sema hivyo mbele ya hakimu. Ndiyo kazi aliyowekwa pale kuifanya.