Gari la umeme: Uvumi na hali halisi

Hoja inayorudiwa zaidi dhidi ya magari ya umeme ni kwamba hayapunguzi moshi, bali huuhamishia kwenye mitambo ya kufua umeme. Hoja hiyo ina uzito penye umeme wa makaa ya mawe. Nchini Kenya haina mashiko, kwani takriban asilimia 90 ya umeme wake hutokana na jotoardhi, maji, upepo na jua. Ethiopia, inayotegemea mabwawa, ilifikia hatua ya kupiga marufuku uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli mwaka 2024.

Wapo pia wanaodai kuwa magari hayo hushindwa na baridi. Norway, nchi ya theluji, imewajibu: mwaka huohuo karibu magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyouzwa huko yalikuwa ya umeme. Baridi hupunguza umbali wa safari, haizimi gari.

Suala zito ni betri. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na katika machimbo madogo ya eneo la Kolwezi watoto wamekutwa wakifanya kazi. Huo si uvumi. Betri za chuma na fosfeti, zilizoenea sana China, hazitumii kobalti kabisa. Zikitawala soko, mnunuzi wa mjini atapata nafuu ya dhamiri; mchimbaji mdogo wa Kolwezi, ambaye kobalti ndiyo riziki yake, atabaki akitafuta kazi nyingine.